Mdomo Usio Wake

Jumatatu, 3 Machi

Kaka amenifanyia tena mambo yake. Amejaza fomu kwa jina langu, amejibu maswali kwa niaba yangu, na leo asubuhi nimefungua kompyuta nikakuta barua ya pongezi: nimechaguliwa kuwa mjaribu wa programu mpya ya kutengeneza picha. Nikamwuliza nani kamtuma. Akasema, "Wanatafuta mtu hodari wa kuona makosa. Mimi nimezaliwa naye tumbo moja, ningemficha wapi?"

Studio ni yetu sote wawili. Yeye anapiga picha chumba cha mbele, mimi nazitengeneza chumba cha nyuma. Kazi yangu hasa ni picha za zamani, zilizochanika, zilizoliwa na mende, zilizokunjwa miaka na miaka ndani ya pochi. Mtaa mzima unaniita Mama Viraka na nimeshazoea. Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii, kumi ya kwanza kwa brashi ya manyoya na wino, iliyobaki kwa kipanya cha kompyuta, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia picha.

Programu yenyewe bado haijaanza kuuzwa. Kila baada ya wiki mbili hivi wanatuma toleo la majaribio, sisi wajaribu tunalitumia na kuandika linapokosea, wao wanarekebisha. Anayetusimamia ni mhandisi mmoja, msichana, amenipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Alisema mambo mawili. La kwanza, niandike kila siku kilichotokea, hata kikiwa kidogo. Visanduku vya fomu yao ni vyembamba, havitoshi hata kulalamika vizuri, ndiyo maana nimenunua daftari hili. La pili alilirudia: "Mama, tafadhali, usiitumie kwa kazi ya mteja. Tumia picha yako mwenyewe."

Basi Kaka akaniketisha mbele ya pazia la bluu, akanikumbusha siku shangazi yetu alipokalia keki ya wenyewe, akabonyeza. Nimetoka nacheka, mdomo umepanda upande wa kushoto kama kawaida yake. Marehemu mama alikuwa akisema mdomo wangu unabisha hata nikinyamaza.

Jumatano, 5 Machi

Programu imeganda mara saba. Ya nane niliizima mimi kabla haijaniwahi.

Ijumaa, 7 Machi

Kitufe cha kuhifadhi kinahifadhi. Kitufe cha kughairi nacho kinahifadhi. Nimeripoti. Mhandisi amejibu kwa neno moja: "Aibu." Nimeanza kumpenda kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza, tena ya kishindo. Kwetu masika ndiyo mavuno. Mabati yanavuja, albamu zinalowa, picha zinagandana, na mtu akijaribu kuzibandua, uso wa mmoja unabaki mgongoni mwa mwingine. Hapo ndipo wanaponikumbuka. Wanakuja wamekumbatia bahasha kifuani na miavuli wamewaachia wengine.

Kaka haupendi msimu huu, maana hakuna anayekuja kupiga picha na matope magotini. Mimi naupenda, na nikiandika hivyo naona haya, kwa sababu shibe yangu inatoka kwenye paa bovu la mtu mwingine.

Ijumaa, 14 Machi

Toleo la pili limefika na limekuja na kitu wanachokiita brashi ya kiraka. Unafuta palipoharibika, nayo inasoma kilichobaki na kupajaza yenyewe. Kazi yangu ya siku mbili, inafanya kwa muda wa kupiga chafya.

Nikaijaribu kwenye picha yangu. Nikafuta mdomo. Ikafikiri, ikafikiri, ikanipa kipande cha pazia. Nikawa na kitambaa cha bluu chini ya pua. Nikafuta tena, ikanipa sikio. Nilicheka hadi Kaka akaja na kamera mkononi kuuliza kuna nini.

Mhandisi aliniambia kwenye simu nisikate tamaa. "Inajifunza, mama. Ukiikubalia inapopatia na kuikatalia inapokosea, inazidi kujua." Nikamwambia hata mtoto hufundishwa hivyo, ila mtoto akikosea hujificha, hii inakuletea kosa lake huku imesimama wima.

Alhamisi, 20 Machi

Nimejifuta mdomo mara arobaini. Sasa inanipa mdomo kweli, lakini wa mtu anayepiga mluzi.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Mdomo. Mvua. Mdomo.

Ijumaa, 28 Machi

Toleo la tatu. Nimefuta mdomo, nikahesabu moja, mbili, na mdomo wangu umerudi mzimamzima, umepanda kushoto, na ule mkunjo mdogo pembeni ambao hata mimi huusahau. Nikafuta tena, ukarudi. Tangu tuanze nimeufuta mara mia mbili na kumi na nne, nimezihesabu kwa vijiti ukutani. Nikamwita Kaka aone.

Akatazama, akatikisa kichwa. "Kumbe hata ukifutwa mdomo unaurudisha. Basi hakuna tumaini."

Nimemwandikia Mhandisi barua ndefu ya sifa. Mimi, ambaye sijasifu mashine tangu nizaliwe.

Jumanne, 1 Aprili

Umeme umekatika saa nane mchana, umerudi saa kumi na moja. Nimepanga bahasha.

Jumanne, 8 Aprili

Fundi Saa amevuka barabara. Naandika hivyo kwa sababu ana miaka tisa kwenye kibanda chake mkabala na dirisha letu na hajawahi kukanyaga hapa. Ni mtu mkavu. Ukimpa habari za asubuhi saa sita na dakika mbili, anakujibu za mchana ni njema. Kwa maoni yangu anawapenda watu kwa kiasi wanavyokwenda sawasawa.

Alikuja na binti yake, fundi cherehani mwenye duka lake kule nyuma ya soko, na binti ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili, sasa ana ishirini na mitano. Marehemu alikuwa hapendi kupigwa picha, akiona kamera anaingia ndani. Picha iliyopo ni moja tu, mtu alimvizia mlangoni kwa jirani. Ilikuwa ukutani ndani ya fremu. Juzi maji yakashuka nyuma ya ukuta, picha ikanata kwenye kioo, na binti katika kuiokoa akaibandua. Nusu ya chini ya uso ikabaki kwenye kioo. Akajaribu kuifuta taratibu kwa kitambaa, ikayeyuka mkononi mwake.

"Nilitaka kuiokoa, nikaimaliza mimi mwenyewe," akasema.

"Ni mvua," akasema Fundi Saa. Hayo ndiyo maneno yake yote hadi hapo.

Kitambaa cha kichwa kipo, paji lipo, macho yapo na yanatazama vizuri sana. Kuanzia chini ya pua mpaka kidevuni ni karatasi nyeupe.

Miaka yote ishirini na sita nimewaambia watu jambo moja: natengeneza kilichobaki, siumbi kisichokuwepo. Picha kama hii ningeisafisha, ningezuia isiendelee kubanduka, na pale peupe ningepaacha peupe. Leo sikusema hivyo. Binti alikuwa ananitazama kwa macho yake mekundu, na mimi nilikuwa nafikiria ile brashi. Nikawaambia waje Jumamosi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeitumia. Naandika wazi kwa kuwa daftari hili ni langu. Nilikumbuka alivyonikataza Mhandisi, nikajitia hamnazo. Nilisema naangalia tu. Nikaiskani, nikapitisha brashi pale peupe, nikahesabu moja, mbili, na mwanamke akanitazama mzima, mwenye pua, midomo na kidevu, mwanga umeanguka shavuni panapostahili, hakuna mshono hata ukitumia kioo cha kukuzia.

Nilishika kifua. Nitasema kweli, nilijiona fundi mkubwa, na mkono wangu haukufanya kitu.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamekuja saa nne kamili, dakika haikuzidi. Nilikuwa nimeichapisha kubwa na kuiweka kwenye fremu mpya. Binti alipoiona alipiga yowe, akakaa chini kwenye sakafu yetu yenye matope na picha mapajani, analia na kucheka. "Mama," akawa anasema. "Mama, mama yangu." Kaka akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Fundi Saa alisimama nyuma yake. Aliitazama muda mrefu, nikawa nasubiri asante.

Akauliza, "Hii mashine inajuaje?"

Swali lilinichoma. Nikamjibu kama mtu aliyeambiwa chakula chake hakina chumvi. "Inasoma kilichobaki, inajua kilichokuwepo. Haikosei, Fundi."

"Haikosei," akarudia.

"Haikosei."

Akachukua mwavuli. Hakusema asante. Kaka alisema watu wengine shukrani zao zimeota kutu, na nilimwunga mkono.

Jumanne, 15 Aprili

Kaka ameomba ruhusa kwa binti na ameitundika nakala dirishani, na karatasi chini yake: PICHA YAKO IMELOWA? TUNARUDISHA. Wateja watano leo. Binti amempelekea nakala rafiki zake wote wa kazini.

Alhamisi, 17 Aprili

Toleo la nne. Inaganda kidogo tu.

Jumamosi, 19 Aprili

Fundi Saa alisimama nje ya dirisha letu asubuhi, mvua inamnyeshea, anaitazama picha. Nikatoka kumsalimu. Akageuka akarudi kibandani kwake bila kunijibu. Nimemfanyia kazi ambayo hakuna fundi mwingine mjini angeiweza, na salamu ananinyima. Ama kweli tenda wema nenda zako.

Jumatano, 23 Aprili

Kibanda cha Fundi Saa kimefungwa tangu jana. Kaka anasema hajawahi kukiona kimefungwa siku mbili.

Jumamosi, 26 Aprili

Binti amekuja peke yake, anataka nakala ndogo ya kuweka pochini. Nilifurahi kumwona. Nikamketisha, tukawa tunaongea wakati printa inahema. Akasema kila asubuhi kabla ya kufungua duka humwambia mama yake habari za kazi.

Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejipoza. "Kuna jambo dogo limenishangaza, Mama Viraka. Tangu nikiwa mdogo baba alikuwa ananiambia nimerithi mdomo wa mama. Nikinuna, anasema haya, mama yako amerudi. Nilikuwa naringia mdomo huu. Sasa nikitazama picha naona haufanani kabisa. Nimemwuliza, akakazana na saa zake weee, mwisho akasema labda alikosea." Akainua mabega. "Alikuwa ananifurahisha tu, maskini. Si vibaya."

Nilimpa nakala yake. Alipoondoka nikaenda dirishani, nikaitazama picha kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, maana kabla ya hapo nilikuwa najitazama mimi na ufundi wangu.

Mdomo umepanda kushoto. Pembeni una mkunjo mdogo.

Nilirudi ndani mbio. Nikachukua picha tatu za wateja kwenye bahasha, nikazifuta midomo kwenye skrini: bibi mmoja, bwana harusi, na mzee mwenye ndevu hadi kifuani. Nikapitisha brashi. Bibi akanicheka kwa mdomo wangu. Bwana harusi naye. Mzee mwenye ndevu ndiye aliyenimaliza. Ndani ya ndevu zile nyeupe, mdomo wangu, unabisha.

Nimeifundisha mwezi mzima kwamba mdomo ni kitu kimoja tu hapa duniani, nao ni wangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimempigia Mhandisi. Nilipomweleza, sauti yake ya usingizi ikaamka yote. "Mama, hilo ni kosa zuri sana! Tumelitafuta wiki tatu! Mjaribu mmoja ametuandikia kwamba mbwa wake ana macho ya mkewe, tukadhani anatania." Nikasikia anaandika kwa kasi. "Umeligundua kwenye picha gani?"

"Ya mteja."

Vidole vyake vikasimama. "Ya kujaribia, siyo? Hukumpa."

"Nimempa. Mume na mtoto. Mama mwenyewe ni marehemu na hawana picha nyingine."

"Mama," akasema polepole, "nilikuomba."

Msichana wa umri wa kuzaliwa na mimi, na nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwambia Kaka. Nilitegemea atanicheka, ningefurahi angenicheka. Alikaa kwenye kigoda cha wateja.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, wewe na Mhandisi."

"Basi liache," akasema. "Yule binti ana raha. Aliishi bila mama, leo ana mama wa kumwamkia. Ukimwambia unamfanya afiwe mara ya pili. Kwa faida ya nani? Ya roho yako tu, ili wewe ulale."

Nilimjibu vibaya, nikamwambia anaogopea tangazo lake la dirishani. Naye akasema ndiyo, anaogopa, tena ana haki, jina ni la wote wawili. Tumezozana mpaka mteja mmoja aliyeingia akatoka kinyumenyume. Lakini maneno yake yamenikaa, maana yana ukweli ndani. Binti ana raha. Ningekuwa na uhakika kwamba raha hiyo haimdhuru mtu, ningeufunga mdomo huu, ingawa haujawahi kufungwa.

Halafu nakumbuka: "Labda alikosea." Binti ameshautoa mdomo wake mwenyewe akauweka kando kwa ajili ya wangu. Wakiendelea hivi mwaka mmoja, yule mwanamke hatakuwepo popote, hata vichwani mwao. Kaka alipokuwa anafunga milango nilimwambia mficha uchi hazai. Akasema, "Umri wako huo unataka kuzaa nini?" Lakini alisema kwa sauti ya chini, na akaniachia funguo.

Jumatano, 30 Aprili

Nimevuka saa tatu na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa nyepesi. Kibanda chake ni kidogo kiasi kwamba ukikaa kigoda cha mteja magoti yanagusa meza. Vipande vya saa vimefunikwa na glasi zilizopinduliwa, na saa za ukutani zinagonga zote kwa pamoja. Hakuna hata moja inayochelewa. Alikuwa na kile kioo chake cha kukuzia jichoni.

"Fundi, habari za asubuhi."

"Njema."

Nilikuwa nimepanga hotuba. Yote ikayeyuka. "Fundi, ile picha nimeikosea."

Hakuinua kichwa. "Imekosewa wapi?"

"Mdomo. Si wa marehemu. Ni wangu."

Nikamweleza, mbio mbio, nikirudia rudia: toleo la majaribio, picha yangu, mara mia mbili na kumi na nne, brashi inayokumbuka, jinsi nilivyokatazwa na nikafanya. Nikamweleza hata mzee mwenye ndevu. Alitoa kioo jichoni akakiweka chini. Akanitazama mdomo, mdomo peke yake, kama anavyotazama ndani ya saa iliyofunguliwa.

"Cheka," akasema.

"Fundi, siwezi kucheka sasa hivi."

"Jaribu."

Nikajaribu. Kilichotoka hakikuwa kicheko, lakini mdomo ulipanda upande wake.

"Ndio huo," akasema. Akaweka mezani kibanio chake cha kushikia skrubu ndogo kuliko punje ya mtama.

Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimeyaandalia nafasi. Badala yake akaanza kusema, na katika miaka tisa sijamsikia akisema hata robo ya maneno yale.

"Siku ile uliyotukabidhi picha niliona si yeye. Juu ni yeye, chini ni mtu mwingine. Nikakuuliza mashine inajuaje. Ukasema haikosei."

"Nilisema."

"Mara mbili ulisema. Nikajiambia, basi aliyekosea ni mimi. Miaka ishirini na mitatu si mchezo, mtu anasahau. Saa mbili zikipishana, Mama Viraka, hubishani nazo, unatafuta ya tatu. Nikafunga kibanda, nikaenda kwa shemeji yangu, dada yake marehemu. Siku nzima ya matope kwenda, siku nzima kurudi. Nikampa ile picha bila kumwambia neno. Akalia. Akasema ndiye huyu, hasa mdomo."

Akafuta meza kwa kiganja, meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Nikarudi. Tangu hapo nikifumba macho nauona wa kwenye picha. Wa kwangu nauita hauji. Binti akaniuliza, baba, mbona haufanani na wangu? Nikamwambia labda nilikosea. Nilimwambia kwa kinywa changu. Siku kumi na nane hizi najiuliza, mwanamume gani anamsahau mke wake? Nilimzika, nikasema angalau sura yake ninayo. Kumbe hata hiyo sikuitunza."

"Uliitunza, Fundi. Shemeji naye aliona macho ya dada yake, akauamini na mdomo. Mimi ndiye niliyekuharibia."

"Kwa hiyo sikumsahau."

"Hukumsahau."

"Nilikuwa namkumbuka sawasawa."

"Sawasawa kabisa."

Akalia. Hakujificha wala hakujifuta, na mimi nikalia naye, magoti yetu yamebanwa na ile meza. Nilikuwa nimemwita mkavu, asiye na shukrani, na wakati huo wote alikuwa anabeba jiwe nililomtwisha mimi kwa neno moja la majivuno.

Kisha akasimama. "Binti hajui," akasema. Akatoka bila mwavuli, bila kufunga, kibanda chote kiko wazi na saa za watu juu ya meza. Nikamwita, akanipungia mkono nisimfuate. Alikuwa anakimbia, mtu wa umri ule, anaruka madimbwi kuelekea sokoni.

Nilibaki nikilinda kibanda. Mama mmoja akaja kuulizia saa yake. Nikamwambia fundi ametoka, ana jambo la nyumbani. Akaniuliza saa ngapi atarudi, na kwa mara ya kwanza pale mahali hapakuwa na anayejua.

Niliporudi studio, dirisha lilikuwa tupu. Kaka alikuwa ameshaiteremsha picha na karatasi yake, anafuta kioo kwa gazeti. "Usiseme kitu," akaniambia.

Ijumaa, 2 Mei

Mhandisi ametuma toleo la nne na nusu, anaapa sasa kwa kila picha brashi inasahau iliyotangulia. Ameniuliza kama bado nataka kuendelea kujaribu. Nimemwambia naendelea, maana sasa najua kinachotafutwa. Ameniuliza pia kuhusu wale wateja. Nimemwambia ukweli: baba amenisamehe, au anajitahidi. Binti hapokei simu.

Jumatatu, 5 Mei

Fundi Saa ameniletea fremu. Anataka irudi humo ile picha yao iliyolowa, kama ilivyobaki. "Safisha, zuia isibanduke zaidi," akasema. "Pale peupe paache peupe. Nikipaona peupe najua mwenyewe cha kuweka."

Jumanne, 6 Mei

Nimerudi kwenye brashi ya manyoya. Mkono umekuwa mzito kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Jua nusu saa. Kaka amepiga picha ya mtu wa kwanza tangu Machi.

Jumamosi, 10 Mei

Wamekuja wote wawili, saa nne kamili. Binti hakunisalimia. Alibaki mlangoni na mwavuli unachuruzika, nilipomwonyesha kiti akakitazama tu. Sikumlaumu. Baba yake akapokea picha, akaenda nayo karibu na dirisha.

Nikamwomba binti radhi. Nilisema nilikatazwa nikafanya, nilijua sijui nikasema najua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wiki mbili," akasema. "Kila asubuhi wiki mbili nilikuwa namwamkia mama yangu, namweleza mambo yangu ya ndani. Mambo ambayo hata baba hajui. Kumbe nilikuwa nakueleza wewe."

Akaubana mdomo, akatazama ukutani ili asinitazame mimi.

Fundi Saa alikuwa amegeuka kutoka dirishani. Akaja akanishika mkono, akasema upesi, kwa sauti ya chini, "Tazama. Tazama sasa hivi kabla hajaacha. Hivyo anavyoubana. Mama yake akikasirika alikuwa hivyo hivyo, hata mimi nilikuwa naogopa kuingia ndani."

"Baba!" akasema binti. Alitaka kuendelea kununa, na alinuna, lakini sasa alikuwa anajua anatazamwa.

Nikatazama. Mdomo wa chini ulikuwa umeingia ndani kidogo upande wa kulia, na kidevu kimefanya vishimo vidogo vidogo. Hakuna kitu chochote kwenye ile karatasi ambacho kingenifanya nikisie hivyo, hata ningeifanyia kazi miaka mingine ishirini na sita. Nikaendelea kutazama mpaka mwenyewe akageuza uso.